Meneja mradi, habari mbaya inakufikia siku gani?

#1 Mirunda (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haipiti wiki bila kijana kuuliza asome nini ili awe meneja wa miradi. Anaambiwa asome Primavera, asome MS Project (programu za kupangia ratiba), atafute PMP, cheti cha kimataifa cha umeneja wa miradi. Sawa kabisa. Akigusia stadi laini anashushiwa orodha: mawasiliano, uongozi, kujiamini, kufanya kazi na timu. Kumwambia kijana "uwe na mawasiliano mazuri" ni kama kumwambia dereva "endesha vizuri". Ataitikia, ataondoka, na hajapata kitu.

Msidhani naidharau mada yenyewe. Wenye mitihani wameshaiona. PMP ilipobadilishwa Januari 2021, eneo la watu lilipewa asilimia 42 ya mtihani, michakato 50, mazingira ya biashara 8. PRINCE2 nao, mfumo wa Uingereza wa kuendesha miradi, kwenye toleo la saba la mwaka 2023, wakawaingiza watu ndani ya mfumo kama sehemu kamili. Kwa hiyo siyo mapambo ya wasifu wa kuombea kazi.

Hoja yangu ni moja na mnaruhusiwa kuishambulia. Stadi zote hizo zinapimwa mahali pamoja: je, mtu wa chini yako anakuletea habari mbaya ungali na muda wa kufanya kitu? Habari ikikufikia Jumatatu unazo njia tatu nne za kuchagua. Ikikufikia Ijumaa jioni na mkaguzi yuko getini, imebaki moja tu, kuomba radhi.

Wajerumani, ambao huku tunawasifia utaratibu, walipanga kufungua uwanja wa ndege wa Berlin Brandenburg tarehe 3 Juni 2012. Sherehe imeandaliwa, mashirika ya ndege yanajiandaa kuhamia. Tarehe 8 Mei, chini ya wiki nne kabla, ndipo ikatangazwa kwamba haufunguliwi. Tatizo kubwa lilikuwa mfumo wa kujikinga na moto na kutoa moshi. Uwanja ulikuja kufunguliwa 31 Oktoba 2020. Sasa niambieni, mfumo mkubwa namna ile unachelewa kwa usiku mmoja? Watu waliokuwa wakiifanya kazi ile kila siku walikuwa wakiona kwa macho yao kilichobaki. Waliokuwa wanapanga sherehe ndio hawakuona, au hawakutaka.

Turudi saiti zetu. Umepanga kumwaga zege la sakafu ya ghorofa ya kwanza Alhamisi. Jumatatu asubuhi unapita, unamkuta fomeni.

"Kazi inaendaje?"
"Inaenda vizuri injinia, hakuna shida."

Unapanda gari. Umepata nini hapo? Salamu tu. Swali lako limeomba salamu, ukajibiwa salamu. Sasa jaribu hivi:

"Fomeni, tuseme Alhamisi imefika, jua linazama, na zege halijamwagwa. Ni kitu gani kitakuwa kimetukwamisha?"

Atakuna kichwa. Ataangalia upande wa mirunda. "Aah, kwa kweli labda ringi. Nondo za milimita 8 zimebaki kidogo, na wale vijana wawili wa kukata wameenda msibani. Halafu fundi bomba hajapitisha mabomba ya vyoo. Tukimwaga hivi itabidi tuje tutindue."

Habari tatu kwa swali moja, na leo ni Jumatatu. Nondo zinaagizwa, fundi bomba anapigiwa simu, na kama haiwezekani mwenye zege la kuletwa na gari anaambiwa asogeze siku kabla hajapanga magari yake. Fomeni hakuwa mwongo mara ya kwanza. Swali la pili limempa ruhusa ya kutaja tatizo bila kuonekana analalamika.

Kuna la pili ambalo wengi wanalikosa, nalo ni sura yako pale anapomaliza kusema. Ukifoka, ukauliza "na kwa nini hukuniambia wiki iliyopita!", hiyo ndiyo habari ya mwisho kuletewa na mtu huyo. Mimi nasema: "Ahsante kwa kuniambia leo. Tunahitaji nini?" Kama kuna uzembe nitaushughulikia, lakini siku nyingine, na siyo kwa yule aliyeleta taarifa.

La tatu, kwenye kikao cha asubuhi mkubwa aongee mwisho. Kwetu mkubwa akishasema "naona tutamaliza Alhamisi", hakuna kijana atakayesimama kusema hatumalizi. Atanyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo itakugharimu. Anza na saidia fundi, malizia na wewe.

Nimemaliza kwa sasa. Shusheni nondo.

#2 Hesabu Kwanza

Mkuu Mirunda, umeandika vizuri ila mimi ni mkadiriaji majenzi na nitakuharibia uzi kidogo.

Fundi ambaye Jumamosi mbili zimepita hajalipwa, muulize swali lolote kwa sauti yoyote. Hakusikilizi. Anawaza kodi ya nyumba na kijana aliyerudishwa shule. Nimeona saiti zenye mameneja wapole, wanajua majina ya watoto wa mafundi, na kazi imelala kwa sababu cheti cha malipo (karatasi ya kuidhinisha pesa ya kazi iliyofanyika) kimekaa mezani kwa mtu. Na nimeona meneja mkali kama pilipili ambaye kazi yake inakwenda, kwa sababu Jumamosi saa 8 mchana bahasha zimefika. Stadi laini ya kwanza ni kulipa.

Halafu hilo la kupeana taarifa mapema msilifanye la tabia tu, limo kwenye mikataba. FIDIC, mkataba wa kimataifa wa ujenzi, kitabu chekundu cha 1999, kifungu 20.1: mkandarasi akiwa na dai la muda au pesa anatoa notisi ndani ya siku 28 tangu alijue au alipopaswa kulijua. Zikipita, dai limekufa. NEC, mikataba ya ujenzi ya Uingereza, wamekwenda mbali zaidi: meneja wa mradi na mkandarasi wote wanawajibika kupeana tahadhari ya mapema, na mkandarasi aliyekaa na jambo moyoni, fidia yake inakadiriwa kana kwamba alisema kwa wakati. Yaani kimya chake kinalipiwa na yeye mwenyewe. Mnahubiri roho safi, mimi nasema kifungu.

#3 Mirunda

Hesabu Kwanza, hujaharibu kitu. Kwenye malipo nakubaliana na wewe moja kwa moja, asiyelipa asije kuniuliza mbinu za kuongea.

Ila angalia. Pesa ya cheti huwa inachelewa hata kwa mkandarasi mwaminifu. FIDIC hiyo hiyo inampa mwajiri, yaani mwenye mradi, siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee hati ya madai, na vibarua hawali siku 56. Sasa meneja anajua Jumatano kwamba Jumamosi hakuna kitu. Mmoja anazima simu Ijumaa. Mwingine anawaita Alhamisi asubuhi: "Jamani, cheti hakijatoka. Jumamosi hii nina nusu, nusu nyingine Jumatano. Mwenye dharura ya hospitali au shule aje tuongee pembeni." Pesa ni ile ile, upungufu ni ule ule. Wa kwanza Jumatatu hatakuta mafundi.

Na hicho kifungu cha siku 28 nani atakifikisha mezani kwako? Ni yule fomeni aliyeona mwamba chini ya msingi mahali ambapo michoro ilionyesha udongo. Asiposema, siku zinahesabika na wewe uko ofisini unasoma kifungu.

#4 Fomeni Mstaafu

Nimewasoma wote. Mimi sikusoma hayo makaratasi, nimekaa saiti tangu naitwa kijana hadi naitwa mzee. Nitawaambia kwa nini tunasema "hakuna shida".

Injinia kijana anakuja na kofia mpya na simu mkononi. Anasimama katikati ya vibarua wangu, ananiuliza kwa sauti kwa nini ukuta umepinda. Mimi hapo nina vijana ishirini wananitazama. Nikisema kamba ililegea nimejivua nguo mbele yao, na kesho nikiwaagiza kitu watacheka. Basi nitasema ukuta haujapinda. Nitabishana na wewe na timazi lako pamoja. Ungeniita kivulini ukaniuliza "mzee, ule ukuta wa kule nyuma unauonaje?", ningekwambia mwenyewe tuubomoe kozi tatu za matofali.

Jambo la pili, mnapenda kuuliza "nani". Nani kafanya hivi, nani kasema, nani kaacha saruji ikanyeshewa. Ukiuliza "nani" utaletewa jina la mtu ambaye hayupo siku hiyo. Kila saiti inaye mtu ambaye hayupo, na madhambi yote ni yake. Uliza imekuwaje.

La tatu. Salamu. Kuna vijana wanashuka kwenye gari na swali mdomoni. Mtu hujajua ameamkaje, kafiwa au mgonjwa, wewe unauliza mifuko mingapi imetumika. Mfanyakazi wangu mmoja alifiwa na mama yake, meneja akaja msibani, akakaa kwenye mkeka robo saa, akaacha rambirambi yake akaondoka. Hakuwa na maneno mengi. Tangu siku ile yule kijana ndiye alikuwa anampigia simu usiku kumwambia mlinzi anauza nondo. Mmenielewa.

Na Hesabu Kwanza yuko sahihi, lipeni watu.

#5 Kajamba Nani

Mzee hapo kwenye "mtu ambaye hayupo" umenimaliza 😂😂 Ofisini kwetu kuna jamaa aliacha kazi kitambo, na hadi leo kila faili likipotea ni yeye.

#6 BintiPangani

Nami nichangie kwa upande wa miradi ya maji vijijini, maana humu mnaongea saiti za mjini tu.

Kwanza kwa dada zangu. Mwanamke ukiwa meneja, habari mbaya inakuzunguka, inakwenda kwa mwanaume aliye karibu nawe. Nimesimama pembeni ya kisima, fundi pampu anamweleza dereva wangu kwamba pampu inanyonya mchanga. Dereva! Mimi niko hatua mbili. Nikifoka nitaitwa mama mkali, nikinyamaza nimeachwa nje ya kazi yangu. Tulichokubaliana na dereva ni kwamba anajibu kwa utani, "mimi naendesha gari tu, mwambie mama hapo ndiye anayesaini malipo yako." Fundi anageuka mwenyewe. Siku chache tu ujumbe unaenea, na hakuna aliyeaibishwa.

Pili, mkutano wa kijiji. Wageni wanafurahi sana na mikutano ya kijiji. Mwenyekiti anafungua, mtendaji anasoma, injinia anaonyesha ramani, mikono inanyooshwa, makofi, mradi umekubalika, picha za ripoti zimepigwa. Jioni wakati umekaa na mwenyeji wako ndipo anakuja mzee mmoja taratibu, anapiga hodi. Anaulizia safari, anaulizia wazazi, anaongelea mvua. Ukiwa na haraka utamuaga ukalale. Ukimpa muda, mwishoni kabisa akiwa ameshasimama kuondoka anasema: "Lile bomba mnalopitisha kwa marehemu fulani, pale kuna makaburi." Ama: "Kitongoji cha juu hawatachota kwenye kituo kile, wana ugomvi na wa chini wa siku nyingi."

Hiyo ndiyo taarifa ya mradi. Haikusemwa mkutanoni kwa sababu mkutanoni kuna watu ambao haisemwi mbele yao. Kwa hiyo mimi napanga kulala kijijini usiku mmoja baada ya kila mkutano mkubwa, na kwenye bajeti naandika kabisa posho ya kulala. Mhasibu analalamika, namwambia kuhamisha bomba ambalo limeshafukiwa ni bei gani.

Na akina mama waulizeni peke yao, bombani, asubuhi. Wao ndio wanajua foleni inaanza saa ngapi na mita inasomwa na nani. Mkutanoni wamekaa nyuma na watoto mgongoni, hata kipaza sauti hakifiki.

#7 MjiWaKale

Dada BintiPangani umenena. Nawaongezea ya kwetu pwani ya Kenya, ambayo ni kubwa kuliko bomba.

Lamu palipangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Wavuvi, wenye mikoko, watu wa mji wa kale ambao uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wote walikuwa na maswali. Vikao vilifanywa, siwezi kusema havikufanywa. Lakini tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni ile, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walielezwa mradi kwa jumla mwanzoni, ila tathmini ya athari kwa mazingira ilipokamilika yaliyomo hayakurudishwa kwao inavyotakikana wayajadili.

Mimi binafsi sikuutaka mtambo ule, niseme wazi. Lakini hata aliyeutaka aangalie: mradi wa mabilioni ya pesa uliangukia kwenye kusikiliza. Kikao cha kuhesabu waliohudhuria si kikao cha kusikiliza. Sisi huku tukija mkutanoni tukapewa soda na karatasi ya kusaini, tunajua majina yetu yamekwenda kutumika.

#8 Rubani wa Karatasi

Uzi mtamu. Nitawapeleka mbali kidogo lakini ni hoja ile ile, tena imeandikwa na tume ya serikali ya Marekani kwa hiyo si hadithi za vijiweni.

Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilirushwa 28 Januari 1986 na kikasambaratika sekunde 73 baadaye, watu saba wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule. Wengi wanajua hapo. Wasiyoyajua ni ya usiku wa tarehe 27.

Kampuni ya Morton Thiokol ndiyo ilitengeneza roketi za pembeni. Mainjinia wake walikuwa na wasiwasi na pete za mpira zinazoziba maungio, kwamba kwenye baridi mpira unakakamaa na hauzibi haraka. Roger Boisjoly alishaandika barua ya ndani Julai 1985, nusu mwaka kabla, akionya kwamba inaweza kutokea balaa la kupoteza maisha. Usiku ule wakafanya kikao cha simu na NASA, shirika la anga la Marekani lenye chombo. Mainjinia wakashauri chombo kisirushwe kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 53 za Fahrenheit, yaani kama 12 za Selsiasi. Utabiri wa asubuhi ulikuwa chini zaidi ya hapo kwa mbali.

NASA hawakufurahi na wakaonyesha hawakufurahi. Thiokol wakaomba wazime simu wajadiliane wao kwa wao. Humo ndani bosi mmoja, Jerry Mason, akamwambia makamu wa uhandisi, Bob Lund, avue kofia ya uinjinia avae ya umeneja. Simu iliporudi hewani jibu lilikuwa: rusheni.

Hapa ndipo natofautiana kidogo na Mirunda. Habari mbaya ILIFIKA, tena kabla. Wataalamu waliongea, kwa takwimu, kwa sauti. Kilichokosekana ni meneja anayejua namna ya kuipokea. Walitakiwa kuthibitisha kwamba ni hatari, badala ya mwenye kutaka kurusha athibitishe kwamba ni salama. Ukigeuza mzigo wa kuthibitisha namna hiyo, hata mtu jasiri atashindwa, maana nani ana uhakika wa asilimia mia na kitu ambacho hakijatokea? Kwa hiyo mkuu, usiishie kwenye swali zuri la fomeni. Akishakwambia, usimgeuzie: "una uhakika?"

#9 Mirunda

Rubani, nakubali marekebisho. "Una uhakika?" nimeisikia sana kwenye vikao, na mara nyingi maana yake ni "futa kauli". Nitaihamishia kwenye orodha ya maneno ya kuacha, pamoja na "nani" ya Mzee Fomeni.

#10 Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, mnaniruhusu? Hospitali nako kuna miradi, sasa hivi tunahamia mfumo wa kompyuta kutoka kwenye mafaili.

Kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson. Alikuwa anaangalia makosa ya dawa kwenye wodi, akitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, timu nzuri zilionekana na makosa mengi zaidi. Alipochunguza akaona kumbe timu hizo zinayasema makosa, nyingine zinayaficha. Toka hapo akaandika mengi kuhusu watu kujisikia salama kusema.

Kwa hiyo mabosi, mkiona ripoti ya idara fulani haina tatizo hata moja miezi yote, msikimbilie kuwapa zawadi. Nendeni mkaangalie. Kwetu wodi iliyoripoti matatizo mengi ya mfumo mpya ndiyo leo inautumia vizuri. Ile iliyokuwa kimya bado inaandika kwenye daftari kwa siri halafu wanaingiza kwenye kompyuta mwisho wa zamu.

#11 Graduate Asiye na Ajira ya Maana

Wakuu shikamooni. Nyote mnaongea kama mabosi. Mimi ni msaidizi wa meneja, na bosi wangu ndiye asiyetaka habari mbaya. Ukimpelekea anasema "usiniletee matatizo, niletee majibu". Sasa majibu sina, ningekuwa nayo ningekuwa bosi. Nampelekeaje?

#12 Mirunda

Marahaba kijana. Huo msemo wa "niletee majibu" ni njia ya kistaarabu ya kuwanyamazisha watu, lakini tuna bosi tuliye naye, siyo tunayemtaka.

Usianzie kwenye grupu la WhatsApp. Bosi akisoma tatizo mbele ya watu arobaini atajitetea kwanza, kazi baadaye. Piga simu au ingia ofisini, mueleze kwa mdomo, dakika mbili. Kisha siku hiyo hiyo andika. Ukiandika, tatizo likae sentensi ya kwanza. Sisi tuna tabia ya kuanza na "rejea kichwa cha habari hapo juu", kisha aya mbili za pongezi, tatizo likachungulia ukurasa wa pili. Jaribu namna hii:

"Mkurugenzi, zege la sakafu ya kwanza halitamwagwa Alhamisi. Nondo za mm 8 zimepungua na mabomba ya vyoo hayajapita. Tunaweza kununua nondo leo duka la jirani kwa bei ya juu kidogo na kumwaga Jumamosi, au kusubiri mzigo wetu na kumwaga Jumatano ijayo. Napendekeza ya kwanza, kwa sababu mbao na mirunda ni ya kukodi na tunalipia kwa siku. Naomba uamuzi kabla ya saa 8 mchana leo."

Umeona? Hukuleta jibu, umeleta machaguo mawili na maoni yako. Hapo anachagua, na bosi anapenda kuchagua. Saa ya mwisho iwepo, vinginevyo ujumbe wako unageuka taarifa ya kufahamu tu. Na usichanganye: tatizo moja, ujumbe mmoja.

Kama sababu huijui bado, sema "sababu nitaijua kesho saa 4" na kesho saa 4 rudi hata kama bado hujaijua. Mkisharudiana hivyo mara kadhaa ataanza kukuamini zaidi ya wale wanaomletea vizuri tu. Siwezi kukuahidi kwamba wote wanabadilika. Wapo ambao hawabadiliki.

#13 Hesabu Kwanza

Hapo kwa ambao hawabadiliki ndipo nilipokuwa nakusubiri. Na akiwa siyo bosi, ni mteja? Mwenye jengo. Unamwambia ramani imebadilishwa mara ya tatu, tarehe ya kukabidhi haiwezekani tena, anakwambia "nyie mnajua mtakavyofanya, mimi Desemba naingia". Hapo stadi laini inafanya nini?

#14 Mirunda

Hapo stadi laini inashika kalamu, na nadhani tutapatana leo.

Unamwambia uso kwa uso, kwa heshima zote, bila kumbishia hamu yake ya kuingia Desemba. "Mzee, nakuelewa, familia inasubiri. Kwa mabadiliko haya jengo linaisha Machi. Desemba naweza kukukabidhi ghorofa ya chini ikiwa na maji na umeme, ya juu tukaendelea kwa kuingilia mlango wa nyuma." Wengi hapo wanashuka, kwa sababu umempa kitu cha kuwaambia watu wake. Mteja wa namna hii mara nyingi ameshatangaza tarehe kwa ndugu, na aibu ndiyo inayomfanya mbishi.

Asiposhuka, inaingia kwenye muhtasari wa kikao. Na muhtasari usomwe na usainiwe pale pale kabla watu hawajanyanyuka. Usingoje kikao kijacho, maana kikao kijacho kila mtu atakuwa anakumbuka ya kwake. Akikataa kusaini, andika barua ya ukurasa mmoja, ipelekwe kwa dispachi, mpokeaji asaini, na nakala uweke faili la mradi. Kisha notisi yako ya muda itoke kabla siku 28 hazijaisha, kama mkataba wenu una kifungu hicho.

#15 Hesabu Kwanza

Dispachi! Sasa ndiyo tunaongea lugha moja.

#16 Fomeni Mstaafu

Na huyo anayepeleka barua asiwe kijana wa kutumwa tu. Aende mtu mzima, asalimie, angoje ajibiwe. Barua ya hivyo ikirushwa mapokezi kwa mlinzi mtakuwa mmeanzisha kesi.